Malezi Ugenini: Akaunti ya Baba na Michezo ya Usiku



Sisi tunaochuma riziki hapa Shisanhang twaijua desturi ya soko letu. Milango ya nguo za jumla hufunguliwa alfajiri mapema, na mzazi hutoka nyumbani akiamini kuwa kijana amelala. Wazazi kadhaa wametueleza kwamba kijana huyo ndiyo kwanza aizime simu. Sala ya Alfajiri humpita, darasani husinzia, na akisemeshwa huja juu.

Wengi wanastaajabu, kwani wamesikia kuwa serikali ya China imekwisha kulidhibiti jambo hili. Ni kweli. Kanuni iliyoanza tarehe 1 Septemba 2021 humruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku kuu za taifa. Lakini kanuni hiyo huyabana makampuni, nayo makampuni hutazama jina lililosajiliwa. Akaunti ikiwa ni ya baba, mchezaji huhesabiwa kuwa ni baba. Mwaka huohuo kampuni ya Tencent ilianza kukagua nyuso kwa kamera nyakati za usiku. Basi wapo akina baba wanaoletewa simu wakiwa na usingizi, wakaitazama kamera, wakidhani ni jambo la benki! Na michezo inayoendeshwa kutoka nje ya China haimo kabisa katika kanuni hii.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mzazi: ajue ni akaunti zipi zina jina lake, na neno la siri alishike mwenyewe.

Hatusemi kwamba kila kijana achezaye ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, ambalo uainishaji wake mpya wa maradhi ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2022, huuita mchezo maradhi pale mtu anaposhindwa kujizuia, akautanguliza mbele ya mambo mengine ya maisha, akaendelea ingawa unamdhuru, na hali hiyo kwa kawaida ikadumu miezi 12. Aliyefika huko apelekwe kwa daktari, asipelekewe fimbo.

Kwa walio wengi, tuanze kwa kuuliza: unacheza na nani? Katika nyumba moja tuliyoitwa kusuluhisha, baba alikuwa amekwisha kuinyakua simu mara mbili, na mara ya pili mtoto hakusema naye kwa siku nne. Ilipoulizwa taratibu, ilibainika kuwa anacheza na binamu zake wa Mombasa. Kwao ni saa 3 usiku, wametoka kula. Hapa kwetu ni saa 8 usiku. Hana jamaa mwingine wa rika lake. Kumnyang'anya simu kulikuwa ni kumkatia ukoo wake, naye hakujua namna ya kulisema hilo.

Mwafaka ulikuwa huu. Binamu hukutana Jumamosi na Jumapili saa 10 jioni, ambapo Mombasa ni saa 5 asubuhi. Siku za shule simu zote hulala sebuleni kuanzia saa 4 usiku, na ya baba imo, pamoja na ujumbe wake wote wa wateja. (Hapo ndipo palipokuwa na ubishi mrefu zaidi, wala si kwa upande wa mtoto.) Tena mzazi haamuru simu izimwe katikati ya mchezo. Mchezo wa timu huweza kuchukua robo saa au zaidi, na atokaye huwaangusha wenzake; basi huambiwa mapema kwamba huu ndio wa mwisho.

Wiki ya kwanza kijana alivunja ahadi usiku wawili. Wiki ya tatu mama yake alimkuta macho wakati wa Alfajiri, akitafuta kandambili zake ili atie udhu.