Betri Itakaa Saa Ngapi?

Mtu akitaka kununua kompyuta kuukuu ya kuchukua mkononi, swali lake la kwanza huwa: "Betri yake yakaa saa ngapi?" Naye muuzaji hujibu kwa saa alizozisoma kitabuni, au kwa saa alizozikisia. Majibu yote mawili hayatoshi. Saa za kitabuni zilipimwa mashine ikiwa mpya, na za kukisia hazikupimwa kabisa. Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana wapendao kufufua vyombo vya zamani, namna ya kupima wenyewe. Kwani asiyepima huweza kutupa mashine nzima akidhani imekufa, au kupoteza kazi aliyoiandika mchana kutwa.

Yafaa ijulikane kwanza kwamba si kila kompyuta iliyoitwa ya kuchukulika ilikuwa na betri. Osborne 1, iliyotoka Marekani mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, nayo haikuwa na betri ndani yake, bali ilitegemea umeme wa ukutani. Mwaka 1983 ikatoka TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa na Kyocera wa Japani na kuuzwa na Tandy katika maduka ya Radio Shack. Hii haikufika kilo 1 na nusu, nayo ilikwenda kwa betri 4 za AA, zile zile za tochi ndogo. Kioo chake cha mistari 8 hakina taa, kwa hiyo hula umeme kidogo. Na kitabu chake chataja saa 20 hivi. Waandishi wa habari waliipenda, kwani waliandika wakiwa safarini na kupeleka habari zao kwa simu. Basi na tuifanye hiyo mfano wetu.

Kipimo cha kwanza ni cha umeme unaoliwa. Chukua multimita, uiweke kwenye miliampea. Kata vipande viwili vya bati jembamba la shaba, utie karatasi kati yake visigusane, kisha uvichomeke baina ya ncha ya betri moja na chuma inachogusana nacho. Waya mmoja wa multimita ushike bati hili, wa pili bati lile. Sasa umeme hauna njia ila kupita ndani ya multimita. Lakini angalia sana: usizishikishe waya hizo kwenye ncha mbili za betri, kwani fyuzi ya multimita itaungua.

Tuseme umesoma miliampea 100. Betri 4 za volti 1.5 zikifuatana hufanya volti 6. Volti 6 mara ampea 0.1 ni wati 0.6. Na ikiwa kila betri yachukua miliampea-saa 2,000, gawanya kwa 100, upate saa 20. Wengi hapa huzidisha 2,000 mara 4 kwanza, wakapata saa 80. La! Betri zinazofuatana hujumlisha volti zao, wala hazijumlishi miliampea-saa zao.

Hata hivyo hesabu peke yake haikati shauri. Volti za betri hupungua kadiri zinavyotumika, na mashine husimama kabla betri hazijakauka kabisa. Kwa hiyo yapasa kipimo cha pili, cha saa. Tia betri mpya za namna moja, kisha andika programu fupi ya BASIC ya kuweka saa katika faili kila baada ya dakika 10. Mashine ikizimika, weka betri nyingine usome saa ya mwisho. Faili haitapotea, maana Model 100 ina betri ndogo ya ndani inayolinda kumbukumbu yake.

Kisha andika hali ya kipimo: betri za namna gani, na mashine ilikuwa ikifanya kazi gani. Ikiunganishwa na simu au chombo kingine hula zaidi. Betri za kuchaji nazo huwa na volti 1.2 hivi tu, hukaa hapo muda mrefu, halafu huanguka ghafula. Taa ya onyo ikiwaka, hifadhi kazi yako upesi.

Ama ile betri ndogo ya ndani, itazameni kabla ya yote. Kwa uzee huvuja, na maji yake hula njia za shaba za ubao. Mashine nyingi huharibika kabatini kwa sababu hiyo. Kadhalika zile za AA, ziondoe ikiwa hutumii mashine.

Na ikiwa mashine haiwaki kabisa, msifanye haraka kuitupa. Macintosh Portable ya mwaka 1989, yenye betri ya risasi na asidi, haiwaki betri yake ikifa, hata ikitiwa katika umeme wa ukutani, kwani chaja yake haina nguvu ya kuiamsha peke yake. Atakayeiona husema mashine imekufa. Kumbe kilichokufa ni betri.

Basi kijana anayefufua mashine na aandike katika karatasi tarehe, namna ya betri, miliampea na saa alizozipata, na karatasi hiyo ikae pamoja na mashine. Siku atakapoiuza, mnunuzi ataweza kuyapima maneno yake.