Fungueni Mlango, Baiskeli Iingie: Wito kwa Watu wa Kalemng'orok

Ndugu zangu wa Kalemng'orok, nanyi wa Katilu, Kaputir, Kainuk na Lokichar mnaofika kwetu kununua na kuuza, nina ombi moja. Kila mwenye biashara amruhusu mteja aingie dukani na baiskeli yake, au aisimamishe kivulini pale mlangoni, mahali macho ya muuzaji yanapofika. Na kila mwenye baiskeli aiingize kwa adabu, bila kuchafua wala kuziba njia. Tukubaliane hivyo soko zima. Leo jambo hili linategemea moyo wa mwenye duka na siku aliyoamkia. Mmoja anakukaribisha, wa pili anakufukuza kama umeleta fahali, na mteja hajui ashike lipi.

Tazama ni nani hasa wanaopanda baiskeli hapa kwetu. Ni mkulima anayetoka mashamba ya Katilu, kando ya mto Turkwel, na mahindi mabichi au kunde kwenye keria. Ni mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka manyatta na mkoba wake wa dawa. Ni mwanafunzi, ni fundi wa ujenzi, ni mama aliyetumwa na nyumba tatu kuleta unga na sukari. Wengi wao hawana pesa ya bodaboda kila siku. Bei ya petroli hutangazwa na mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi, na gharama ya kuyasafirisha mafuta hadi huku mbali imo ndani ya bei hiyo. Mwenye baiskeli haisubiri tarehe 14. Lakini baiskeli hiyo ndiyo mali yake kubwa, pengine kubwa kuliko vyote alivyo navyo ukiondoa mifugo, na sisi tunamwambia aiache nje.

Na nje yetu si nje ya kuachia kitu. Barabara kuu ya A1, ile inayotoka Kitale kupitia Marich na Kainuk, inatupitia katikati kabla ya kushika njia ya Lokichar, Lodwar, Kakuma na Lokichogio hadi mpaka wa Sudan Kusini. Maduka yetu yamejipanga ukingoni mwake. Malori husimama mbele ya maduka hayo ili madereva wale, kisha hurudi nyuma bila dereva kuona kilicho chini ya bodi. Baiskeli iliyosimamishwa hapo iko kati ya mlango wa duka na matairi ya lori. Rimu ikipindwa, safari ya kurudi Katilu ni kwa miguu, na mzigo kichwani.

Simama asubuhi moja mbele ya duka lolote lenye wavu wa chuma pale kaunta. Atakuja mama na mtoto mgongoni, baiskeli imebeba nusu gunia la unga na jerikeni. Stendi haiwezi kuushika uzito huo mchangani, inazama. Basi mama anaishikilia baiskeli kwa nyonga na mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapitisha noti kwenye tundu la wavu. Anataja sukari, majani chai na kiberiti kwa sauti ya juu kwa sababu hawezi kusogea karibu. Nyuma yake mbuzi ameshapata pembe ya gunia. Akigeuka kumfukuza mbuzi, baiskeli inalala. Akiishika baiskeli, mbuzi anakula. Chenji anaipokea bila kuihesabu. Mama huyo angekuwa na hatua mbili tu za kuisogeza baiskeli kwenye kibaraza na kuiegemeza ukutani, angenunua kwa utulivu, na labda angeongeza sabuni.

Hapo wenye maduka mnanielewa. Mteja mwenye wasiwasi hununua haraka, na kidogo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kivuli cha hatua mbili hakimpunguzii mtu mtaji.

Nije sasa kwenye jua, kwa sababu malori na mbuzi si hasara pekee. Lodwar, joto la mchana hupita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, na huku kwetu kusini hatupati nafuu ya kujivunia. Tairi jeusi likisimama juani, hewa ya ndani inavimba na solusheni iliyoshika kiraka inalainika. Mwenye baiskeli anatoka kwa wakala wa M-Pesa anakuta tairi limelala, na anadhani amechomwa na mwiba. Mafundi wetu wanaijua tofauti. Tyubu ikizamishwa kwenye karai la maji, tundu la mwiba hutoa viputo vyembamba mahali papya. Kiraka kilicholainishwa na jua hutoa viputo vikubwa kuzunguka pindo lake. Ukikaa kwa fundi saa moja utaona vya pili ndivyo vingi. Ile ni pesa ya mteja wako inayoyeyuka mlangoni pako.

Na miba nayo ipo. Mti wa miba wa mathenge umemeza kingo za njia na nyua zetu, na mahali pa kuegemeza baiskeli nje mara nyingi ni ua huo huo wa mathenge. Mbigili zimetapakaa mchangani. Anayezuiwa kuingia huisukuma baiskeli pembeni, na pembeni ndiko kuliko na miba.

Kakuma wana la kutufundisha kwa sababu wameishi na baiskeli kwa wingi kuliko sisi. Kambi ya wakimbizi ya huko ilifunguliwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi, kabla pikipiki hazijajaa, baiskeli ndizo zilizobeba abiria na mizigo kati ya sehemu za kambi na mjini. Mwaka 2018 IFC, shirika la Benki ya Dunia la kusaidia sekta binafsi, lilitoa utafiti uliohesabu biashara zaidi ya 2,000 Kakuma. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa limeanzisha Bamba Chakula, mpango uliowapa wakimbizi pesa ya chakula kwa simu ili wanunue wenyewe kwa wafanyabiashara. Fikirini maana yake kwa mtu wa baiskeli. Zamani alipokea mgao mahali pamoja akarudi nyumbani. Kwa mpango huo alianza kununua unga huku, maharagwe kule, mafuta kwa mwingine, kisha kupita kemisti. Kila kituo mzigo ulikuwa kwenye keria, na kila kituo ilibidi auache au aingie nao. Nasi Kalemng'orok ndivyo tunavyonunua: hakuna duka moja lenye kila kitu.

Najua mtakayoyasema, na mengine yana haki.

Duka ni dogo. Kweli, na vibanda vingi vya mabati havina ndani ya kuingia mteja, achilia mbali baiskeli. Kwenu nyinyi ninaomba kibaraza tu: muondoe yale makreti ya soda yaliyokaa upande mmoja na muache upana wa baiskeli moja au mbili chini ya paa. Wenye maduka makubwa, kemisti, vinyozi na wenye mashine za kusaga, nafasi mnayo.

Tairi zinaleta uchafu. Zinaleta, na zinaleta mbigili ambazo mtoto asiye na viatu atazikanyaga. Dawa yake ni gunia kuukuu mlangoni, na nitawaambia wenzangu wa baiskeli hapa chini cha kufanya nalo.

Bodaboda nao watataka kuingia. Hapana. Pikipiki ina petroli na ekzosi ya moto. Ndani ya duka la mabati lenye mafuta ya kupikia na viberiti, hiyo ni hatari ya watu. Baiskeli haiwaki. Tofauti hiyo iko wazi, na mwendesha bodaboda mwenyewe ukimweleza ataikubali.

Benki na baadhi ya ofisi hawataruhusu. Sawa. Lodwar, mtu akienda benki, inatosha pawe na chuma cha kufungia baiskeli mbele ya mlinzi, chini ya kivuli. Siwaombi watuweke mbele ya kaunta ya pesa.

Ikiibwa dukani kwangu nitadaiwa. Hili ndilo linalowatisha wengi, kwa hiyo tuliseme mapema mbele ya watu. Mwenye duka anatoa nafasi. Hageuki kuwa askari wa baiskeli. Mwenye baiskeli ataifunga kufuli yake hata ikiwa ndani. Makubaliano yasemwe hivyo barazani, yasikike na wote, na mtu asiende kwa chifu kumdai muuza duka aliyemtendea wema.

Kuna kundi ambalo ningependa tulianzie. Watu wenye ulemavu wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mikono hufika mbele ya duka na kusimama pale kwenye kidato cha saruji. Wanaita, wanangoja, mtoto anatumwa awaletee. Hawachagui kitu kwa macho yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, na duka ni mahali. Mteremko mdogo wa saruji badala ya kidato unaigharimu familia ya mwenye duka mfuko mmoja au miwili na mchanga wa laga, mto mkavu, ambao tunao bure. Mteremko huo huo utapitisha baiskeli ya mkulima, mkokoteni wa maji na bibi aliyechoka magoti. Kama mtu atafanya jambo moja tu katika haya yote, afanye hilo.

Sasa wenzangu wa baiskeli. Tukipewa mlango tusiuharibu. Shuka kabla ya kizingiti. Hakuna kuingia dukani umekaa juu ya kiti. Pangusa tairi zote mbili kwenye gunia, ng'oa mbigili kwa mkono na uziweke mahali zisipokanyagwa. Iegemeze ukutani, upande wenye cheni uelekee ukuta, maana grisi ya cheni ikigusa gunia la unga au khanga ya mteja umetufungia mlango sote. Duka likijaa, subiri nje. Kwenye hoteli ambako nyama na chapati ziko wazi, baiskeli ibaki kibarazani. Aliyebeba samaki, mafuta ya taa au mkaa asiingie, aombe kivuli cha nje. Na ukimaliza haja zako, ondoka. Usiigeuze nafasi ya duka kuwa maegesho yako huku wewe uko chini ya mti unacheza bao.

Jambo la pili kwetu ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baiskeli nyingi zina namba iliyochongwa kwenye fremu, pale chini panapokutana mabomba yake, kwenye pedali. Igeuze juu chini, ifute vumbi, utaiona. Tuiandike kwenye daftari moja la soko, pamoja na rangi na alama yoyote. Isiyo na namba, fundi aigongee. Baiskeli ikipotea, mtu aende kituo cha polisi kuandikisha kwenye kitabu cha matukio, OB, akiwa na namba mkononi. Ukienda na maneno ya "ni nyeusi, ina keria", askari hana la kufuata. Nyeusi zenye keria ndizo zote.

Halafu kuna serikali yetu ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti na maegesho. Kila mwaka Mpango wa Maendeleo hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi wanapaswa kusikizwa. Tumezoea kwenda kwenye vikao hivyo kuomba maji na zahanati, na tuendelee kuomba. Lakini tuongeze sentensi moja: kila soko linalojengwa au kukarabatiwa Turkana, iwe Kalemng'orok, Lodwar au Kakuma, liwe na mteremko mlangoni na chuma cha kufungia baiskeli chini ya paa. Mara nyingi soko linajengwa zuri, na kivuli chote kinaishia ndani ya vibanda. Kuongeza chuma wakati fundi yuko kazini ni rahisi sana kuliko kumrudisha miaka mitano baadaye.

Tusingoje kaunti, hata hivyo. Yetu tunaweza kuyaanza wenyewe. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2018 kwamba tarehe 3 Juni iwe Siku ya Baiskeli Duniani. Nawaomba tuifanye tarehe hiyo, Juni ijayo, kuwa kikomo chetu: kufikia siku hiyo kila duka la Kalemng'orok lililokubali liwe na gunia mlangoni, upana wa baiskeli uliochorwa chokaa sakafuni au kibarazani, na maneno BAISKELI KARIBU yameandikwa ukutani kwa rangi. Maduka yasiyokubali tusiyagombeze. Wateja watayaona yaliyokubali.

Kabla ya hapo tumwombe chifu aliweke jambo hili kwenye baraza, na wazee walizungumze kwanza chini ya mti kama wanavyozungumza mambo ya malisho na maji. Siku ya baraza, mwenye duka aje aandikishe jina la duka lake na idadi ya baiskeli anazoweza kupokea kwa wakati mmoja, hata kama ni moja. Mwenye baiskeli aje nayo, imeoshwa, fremu imefutwa ili namba isomeke. Mafundi waje na nyundo na seti ya kugongea namba. Daftari nitalileta mimi.