Kusini Haikuumbwa Maskini

Fungua kitabu chochote cha jiografia cha shule zetu, utakuta hesabu ni ileile: chukua udongo, jumlisha mvua, jumlisha watu na kazi zao, jibu ni kanda. Kilimanjaro ina udongo wa volkano na kahawa, basi ikasoma mapema na kujenga. Kanda ya Ziwa ina samaki, pamba na dhahabu, basi inachangamka. Ikifika zamu ya Lindi na Mtwara, mwalimu anapita mbio: mchanga, mihogo, korosho, mbali. Mtoto anatoka darasani akiamini kwamba Kusini ilipangiwa ufukara tangu dunia ilipoumbwa, na akikua akawa ofisa mipango anaandika hayohayo kwenye ripoti yenye jalada la kung'aa.

Ni uongo. Tena ni uongo wenye wafaidika, ndiyo maana haufi.

Tuanze na huo umbali. Mbali na wapi? Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliutaja mji ule miongoni mwa miji mizuri aliyopata kuiona. Masultani wake walishika biashara ya dhahabu ya Sofala, wakapiga sarafu zao wenyewe, na karne hiyohiyo wakajenga Husuni Kubwa juu ya jabali la pwani, jumba lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Mchanga ulikuwa huuhuu, mvua hizihizi. Ila mali ilipita Kilwa, na bei ilipangwa Kilwa. Karne ya 19 fedha zikarudi Kilwa Kivinje, safari hii kwa kuuza watu waliotembezwa na minyororo kutoka Ziwa Nyasa, na sitaipamba historia hiyo kwa sababu tu ni ya kwetu. Hofu ya kutekwa, pamoja na mashambulizi ya Wangoni, iliwapandisha wengi juu ya uwanda wa Wamakonde, kwenye vichaka vizito ambako adui hapenyi kirahisi. Maji nayo hayapo. Mvua ikinyesha pale inazama mchangani. Chemchemi ziko chini, miteremkoni. Vizazi vya wanawake wa Newala vimeshuka na kupanda miteremko ile na mitungi kichwani. Mtaalamu akija anaandika kwamba eneo lina uhaba wa maji. Haandiki ni nani aliyewakimbiza watu hadi huko.

Halafu njoo porini. Mtalii analipa fedha nyingi kuona Selous, nyika inayotangazwa kwamba haijaguswa na binadamu. Haijaguswa! Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima na Wajerumani, na vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote. Serikali ya kikoloni ikajibu kwa kuchoma vijiji, kuteketeza mashamba na kuchukua vyakula, makusudi kabisa, ili njaa imalize kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Palipolimwa pakaota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na tembo wakajaa. Waingereza wakapapa jina la mwindaji wao, Frederick Selous, aliyeuawa vitani karibu na Beho Beho Januari 1917. Miaka ya 1940, ugonjwa wa malale ukiwa ndiyo sababu iliyotolewa, wakawahamisha watu wa Liwale na kuipanua hifadhi juu ya mahame yao. Leo tembo anaingia usiku shambani kwa mkulima wa Liwale, anamaliza mahindi ya mwaka mzima, na kesho yake mkulima anaambiwa ni yeye aliyevamia njia ya wanyama.

Wala usidhani ni mkosi wa Kusini yetu peke yake. Mwaka 1932 Ufaransa ililifuta kabisa koloni lake la Volta ya Juu, nchi tunayoiita sasa Burkina Faso, ikawagawia majirani vipande, na sehemu kubwa ya nchi ya Wamossi ikaunganishwa na Côte d'Ivoire, kwa sababu mashamba ya huko yalitaka mikono. Mwaka 1947 wakalirudisha. Kusini ya Msumbiji iliwapeleka vijana wake kwenye migodi ya Johannesburg, kaskazini ya Ghana ikawapeleka wa kwake kwenye dhahabu na kakao ya wenzao. Kwetu vibarua walipewa namba, wakaitwa manamba, wakasombwa kutoka Kigoma, Songea na ng'ambo ya Ruvuma hadi kwenye mkonge. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mkongeni. Mkoa ukishanyang'anywa wanaume wake msimu baada ya msimu, jembe likabaki kwa wazee, wanawake na watoto, utashangaaje kwamba haukuendelea? Na bado kuna msomi atakayekuja kupima rutuba ya udongo wake kutafuta jibu.

Turudi kwenye umbali. Reli tuliwahi kuwa nayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikosa mafuta ya kula, wakaamua kwamba Kongwa, Urambo na Nachingwea zitalimwa karanga kwa matrekta. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 hivi zimeteketea. Masalio yake yalikuwa bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Uhuru ukiwa bado mbichi, reli hiyo ikang'olewa. Mzigo hautoshi, walisema. Hawakuinua macho kutazama mikorosho iliyokuwa ikipandwa pande zote mbili za njia? Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka mikoa hii, na zikasafiri bila reli. Hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, gari la Kusini lilivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakikolea abiria walilala njiani. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, Lindi na Mtwara zikatengwa tena na Dar es Salaam. Umbali mwingine hutengenezwa na mkandarasi.

Nikae kidogo kwenye korosho, maana hapa ndipo penye aibu yetu wenyewe, si ya Mjerumani wala Mwingereza.

Baada ya mavuno yale makubwa ikaja operesheni ya vijiji. Familia zikahamishiwa barabarani, mikorosho ikabaki mahame, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Mkorosho hautaki mengi, lakini unataka mtu. Usipopaliliwa, majani hupanda hadi kwenye matawi na moto wa kiangazi hupita nao. Usipopuliziwa salfa, ubwiriunga hukausha maua kabla hayajafunga. Ndani ya miaka kumi na michache mavuno yakashuka chini ya tani 20,000. Katika miaka hiyohiyo Serikali ilikuwa ikikopa kujenga viwanda vikubwa vya kubangua, na vikamalizika korosho zikiwa zimekwisha! Baadaye vikauzwa, na vingine vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Udongo haukubadilika hata chembe. Uamuzi ulitoka ofisini, na mkulima akaulipia.

Mkulima huyohuyo akarudi mahame, akafyeka, akapogoa, akanunua salfa kwa mkopo. Msimu wa 2017/18 mavuno yakapita tani 300,000. Sasa tazama alivyopongezwa. Juni 2018 Bunge likabadili sheria, fedha zote za ushuru wa kusafirisha korosho nje zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, wakati awali asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao lenyewe, ikiwamo pembejeo. Wabunge wa Kusini walipiga kelele hadi sauti zikakauka. Wanunuzi walipotoa bei ndogo mnadani, Novemba mwaka huo Serikali ikaleta jeshi na kutangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei nzuri, sikatai. Lakini malori ya jeshi yalibeba korosho haraka kuliko benki ilivyobeba fedha, na wapo waliokaa wakisubiri malipo huku ada za shule zikidaiwa. Aliyeshindwa kusubiri aliuza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa magendo, kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, kisha akahutubiwa kwamba anahujumu uchumi.

Na korosho zenyewe zinakwenda wapi? India na Vietnam, na maganda yake, zibanguliwe huko. Pita Masasi au Mtama uone tunachobaki nacho. Mama amekaa chini ya mwembe, karai la moto mbele yake, moshi unamtoa machozi. Korosho moja anaisimamisha kwenye jiwe, anaigonga kwa kipande cha chuma, si kwa nguvu, maana ikivunjika bei imevunjika. Vidole amevipaka majivu kwa sababu mafuta ya ganda yanababua ngozi. Hata hivyo ncha zake zimeshakuwa nyeusi na zimechubuka. Punje nzima zinaingia kwenye vifuko vya nailoni vya kuuzia abiria wa mabasi. Hicho ndicho kiwanda chetu, jamani. Ujuzi upo, mikono ipo, malighafi imelala ghalani hatua chache kutoka pale. Kisha mtu mwenye kiyoyozi anasema watu wa Kusini ni wavivu, wanapenda ngoma na unyago.

Gesi nayo ni wimbo uleule. Desemba 2012 wananchi wa Mtwara waliandamana wakitaka gesi ya mkoa wao iwaletee viwanda kwao. Januari na Mei 2013 pakawaka moto, watu wakafa, wanajeshi wakaingia mitaani. Kufikia 2015 bomba la gesi lilikuwa limefika Dar es Salaam. Sikushabikia nyumba kuchomwa, na aliyechoma alimkosea jirani yake. Lakini hoja ilikuwa halali, na jibu lake lilikuwa kwamba rasilimali ni ya Taifa. Sawa, ni ya Taifa. Mbona basi Mtwara iliendelea kukatikiwa umeme miaka kadhaa baada ya gesi yake kuanza kuwasha taa za wengine? Utaifa huu unakumbukwa wakati wa kuchukua tu?

Kwa hiyo nikisikia mpango mpya wa "kufungua Kanda ya Kusini", nauliza mambo ya kawaida kabisa. Korosho ngapi zitabanguliwa Mtwara kabla meli haijatia nanga, na kiwanda kitapata umeme usiokatika? Salfa itafika kabla ya maua au baada ya mnada? Ushuru wa kila kilo unaotoka bandarini utarudi kiasi gani kwenye wilaya ilikovunwa? Mkulima wa chama cha msingi cha ushirika anapewa stakabadhi yenye makato yote, hadi senti ya mwisho. Serikali nayo imwandikie yake: zilizokusanywa, zilizorudi, zilizojenga nini. Ibandikwe kwenye mlango wa kila ghala kuanzia Tandahimba hadi Liwale msimu huu wa Oktoba, kwa herufi ambazo bibi yangu angeweza kuzisoma bila miwani. Na mgombea anayetaka kura zetu aje na karatasi hiyo mkononi. Asipokuwa nayo, wapiga sindimba wana kazi nyingine za kufanya.