Barua ijibiwe na mashine, mtu ajibiwe na mtu



Kesho Jumatatu wengi wenu mtafungua kompyuta za ofisini na kukuta barua pepe zimejaa. Nyingi zinauliza mambo yale yale: fomu ya mkopo inapatikana wapi, ada inalipwa kwenye akaunti ipi, ofisi inafungwa saa ngapi, cheti cha ubatizo kinachukua siku ngapi. Jibu lake umekwisha kulikariri. Hata hivyo unaliandika upya mara kumi kwa siku, mpaka saa za kazi zinakwisha, na ile barua moja iliyohitaji utulivu wako bado haijaguswa.

Ndiyo maana wafanyakazi wengi siku hizi wanaiachia kompyuta kazi hiyo. Si jambo kubwa. Ni maagizo machache yanayoandikwa mara moja, ambayo wenyewe huyaita skripti: barua ikiwa na neno "fomu", itumie fomu, ikiwa na neno "ada", itumie namba ya akaunti. Mwenye akaunti ya Gmail anaweza kuyaandika kwa Google Apps Script bila kununua chochote. Akishamaliza, barua za namna hiyo zinajibiwa hata akiwa kikaoni.

Je, huo ni uvivu? Wapo wakuu wa kazi wanaodhani hivyo, na wapo Wakristo ambao dhamiri inawasumbua. Someni Kutoka sura ya 18. Musa alikuwa akikaa kutwa nzima kuamua mashauri ya watu, makubwa kwa madogo, na watu wamesimama wakimsubiri. Mkwewe Yethro alipoona hayo hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba anakosea, kwa kuwa atachoka yeye na watu pia watachoka. Akamshauri mambo madogo yaamuliwe na wengine, makubwa yaletwe kwake. Musa akakubali.

Angalieni kwamba Yethro aliwahurumia pia wale waliosimama kwenye foleni. Mithali 3:28 inatukataza kumwambia jirani arudi kesho wakati kile anachokihitaji tunacho leo. Mzazi anayeuliza namba ya akaunti ya shule akijibiwa kwa dakika moja badala ya siku tatu, ametendewa wema. Kwa hiyo usione aibu. Kazi inayorudiwa bila kufikiri unaweza kuikabidhi kwa chombo kisichofikiri.

Lakini Yethro aliweka sharti. Wasaidizi wa Musa walipaswa kuwa watu wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia rushwa. Skripti haimchi mtu wala Mungu. Inatazama neno, halafu inatuma jibu. Hapo ndipo hatari ilipo.

Tuseme wewe ni karani wa chama cha akiba na mikopo. Umeiagiza kompyuta kwamba barua yenye neno "salio" ijibiwe kwa maelezo ya jinsi ya kuangalia salio kwa simu. Usiku mwanamke mmoja anaandika: mume wangu, mwanachama wenu, amefariki wiki iliyopita, naomba kujua salio lake, watoto wanarudi shule Jumatatu. Kabla hajaweka simu chini anapata jibu: Ndugu mwanachama, asante kwa kuwasiliana nasi, kujua salio lako fuata hatua zifuatazo. Kwenye orodha yako asubuhi barua hiyo inaonekana imekwisha kujibiwa, nawe hutaifungua. Mjane ataendelea kusubiri, akiamini kwamba kuna mtu aliyemsoma na hakumjali.

Kosa hilo halikuanza na kompyuta. Katika 1 Samweli sura ya 1, kuhani Eli alimwona Hana hekaluni midomo ikicheza bila sauti. Eli alikuwa na kanuni yake: mtu wa namna hii amelewa. Akamjibu kwa kanuni hiyo, akamkemea mwanamke aliyekuwa akimlilia Mungu. Kilichomwokoa Eli ni kwamba Hana aliweza kusema naye ana kwa ana, akamweleza uchungu wake, na mzee akabadili jibu lake, akamwombea baraka. Mjane wetu je, atamweleza nani, ikiwa anayemjibu hana masikio?

Tena, jibu la mashine lisijifanye la mtu. Mwaka 2004 wataalamu wanaoweka taratibu za intaneti walitoa waraka uitwao RFC 3834 kuhusu majibu ya aina hii. Unaelekeza kwamba jibu lililotumwa na mashine libebe alama ya kuonyesha hivyo, na kwamba mashine isijibu barua ya mashine nyingine, zisije zikajibizana usiku kucha bila mtu. Kama mashine zinatakiwa kujitambulisha zenyewe kwa zenyewe, sisi tutajitetea vipi tunapotuma "nimesoma barua yako kwa makini" ilhali hatujaiona?

Liko jambo jingine la kutufikirisha. Mwaka 2015 kampuni ya Google ilianzisha huduma ya kupendekeza majibu mafupi ya barua pepe. Watafiti wake wenyewe walisimulia kwamba mashine yao ya majaribio ilikuwa na tabia ya ajabu: ilipenda kupendekeza jibu la "nakupenda" kwa karibu kila barua. Maneno hayo ni ya kawaida mno katika barua za watu, hivyo mashine ilipokosa uhakika iliyakimbilia kama jibu la salama. Ikabidi irekebishwe.

Tucheke, kisha tujiulize. Ni mara ngapi sisi nasi tumeandika "pole sana, tunakuombea" kwenye kundi la simu la jumuiya, tukaendelea na mambo yetu bila kuomba hata dakika moja? Mtume Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anatuonya juu ya upendo unaoishia ulimini. Tusiilaumu mashine kwa kusema isichokihisi ikiwa wenyewe tumeizoea njia hiyo.

Sasa mtazame Bwana Yesu katika Luka sura ya 8. Yuko njiani kwenda kwa Yairo ambaye binti yake yu mahututi. Ni safari ya haraka, na umati unamsonga. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi lake na kupona papo hapo. Shida imekwisha. Kama lengo lingekuwa kumaliza kazi, Yesu angeendelea na safari. Lakini alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, akamsikiliza mbele ya watu wote, akamwita binti. Alikwisha kumpa alichokitafuta, bado akataka kumwona uso.

Hapo ndipo tunapojifunza saa zile tunazookoa ni za nani. Mkristo anayeokoa saa mbili kwa skripti kisha akazimalizia kwenye video za simu, amepunguza kazi tu. Anayezitumia kumpigia mjane simu amefuata ushauri wa Yethro mpaka mwisho.

Kwa hiyo kesho, ukikaa mezani, fanya mambo manne. Jibu la mashine liseme wazi kuwa ni la mashine, na liwe na jina na namba ya mtu anayeweza kupigiwa. Iagize kompyuta kwamba barua yenye maneno kama marehemu, msiba, mgonjwa au kuachishwa kazi isiijibu kabisa, bali iiweke juu ya orodha yako. Pale usipokuwa na uhakika, iandae rasimu tu, uisome wewe ndipo uitume. Na kila jioni pitia barua zilizojibiwa bila wewe, uone kama kuna mtu aliyejibiwa visivyo.

Ee Bwana, tupe akili ya kuyapunguza yale yanayotuchosha bure, na moyo wa kusimama pale mtu anapotugusa katikati ya umati. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.