Udongo Hauhudhurii Mkutano wa Kijiji

Majengo ya umma vijijini kwetu huanza kwa ukarimu. Kijiji kinatoa eneo, serikali inaleta fedha, wananchi wanasomba mawe na kuchota maji. Swali moja tu husahaulika: ardhi ile inaweza kubeba nini?

Tutazame Kamachumu, wilayani Muleba. Wahaya wameipa ardhi yao majina tangu zamani. Kibanja ni shamba la migomba na mibuni, lililorutubishwa kwa samadi na matandazo kizazi baada ya kizazi. Rweya ni uwanda wa nyasi, wenye udongo hafifu. Kwa kuwa hakuna apendaye kung'oa migomba aliyorithi, shule na zahanati hupelekwa rweya au ukingoni mwa bonde. Kwa mkulima, huo ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, kipimo kilichotumika ni cha mgomba, si cha msingi wa jengo. Udongo mweusi wa kibanja, unaosifiwa kwa rutuba, ni laini na hauna budi kuondolewa kabla ya kujenga. Rweya nayo yaweza kuficha mwamba karibu na uso wa ardhi upande mmja, na udongo mwingi upande wa pili. Jengo likikalia pande hizo mbili, upande mmoja hutitia na kuta hupasuka.

Ramani, kwa upande wake, hutoka juu. Mwaka 2021, kupitia mpango wa UVIKO-19, taifa lilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa miezi michache. Sipingi ramani ya pamoja. Inaokoa fedha na muda. Ila ramani ni moja, ardhi si moja.

Wapo watendaji watakaosema kwamba upimaji unachelewesha mradi, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Hoja hiyo inaeleweka, lakini inatibika: eneo lipimwe kabla fedha za ujenzi hazijafika. Kazi yenyewe si ya miujiza. Huchimbwa mashimo katika pembe za eneo, sampuli hupelekwa maabara, kina cha maji na mwamba huandikwa. Tena majira yazingatiwe: shimo lililochimbwa Julai, wakati wa kiangazi, halitaonyesha maji ya Aprili.

Kagera ina sababu ya ziada ya kulizingatia jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Sekondari ya Ihungo ililazimika kujengwa upya. Udongo si sababu pekee ya maafa yale. Matofali dhaifu na ujenzi duni vina sehemu yao. Lakini udongo laini huukuza mtikisiko, na hilo hujulikana kwa kupima tu.

Napendekeza mambo mawili. Halmashauri zitenge fungu la upimaji wa udongo katika bajeti ya kila mradi. Pili, matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kwa Kiswahili, kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Mwananchi anayechangia nguvu zake ana haki ya kujua mwanawe atasomea juu ya nini.