Mafuta ya Bwejuu yawe na jina

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya mafuta ya nywele tunayopika akina mama wa Bwejuu.

Kila mtu hapa anajua kazi yake. Nazi hukunwa, tui likakamuliwa na kuchemshwa kwa moto mdogo mpaka maji yakauke, mafuta yabaki. Bibi yangu aliyatia asumini, akatupaka kichwani kabla ya kutusuka. Hakupima kwa kikombe, alipima kwa mkono na pua. Alipofariki, hatukuwa na mtu aliyejua vipimo vyake.

Hivi karibuni niliona katika duka moja la Mji Mkongwe vichupa vya mafuta kama yetu, vina jina la mtu mwingine. Kichupa kimoja kiliuzwa kwa bei tunayouzia sisi lita nzima. Sikumlaumu mwenye duka. Yeye ameyapa jina, sisi hatukuyapa.

Huko Marekani, Sarah Breedlove, aliyezaliwa mwaka 1867 na kujulikana baadaye kama Madam C. J. Walker, alikuwa mfua nguo. Alianza kuuza dawa yake ya nywele nyumba kwa nyumba. Alipofariki mwaka 1919 aliacha kiwanda mjini Indianapolis na maelfu ya mawakala, na binti yake A'Lelia akarithi uongozi wa kampuni. Binti alirithi jina na daftari, si chungu kitupu.

Hapa karibu, wenzetu wa Paje wameonyesha kuwa mwani, ambao wanawake wa pwani hii wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, unaweza kuwa sabuni badala ya kuuzwa mkavu tu.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kwanza, tuunde ushirika na tuandike vipimo wakati wazee wetu wangali hai. Pili, tusajili jina letu, na Taasisi ya Viwango Zanzibar itufuate kijijini kutuelekeza. Tatu, binti zetu waliomaliza skuli washike hesabu, nao walipwe. Msichana anayeona mama yake hapati kitu atakimbilia kazi ya hoteli, wala hana kosa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili isiyolisha nyumba nayo huachwa. Akina mama wenzangu, mnasemaje?

Mjukuu wa Bibi,
Bwejuu,
Kusini Unguja.