Huruma Kaeni Nayo, Nipeni Meza

Wenzangu, leo sina shairi. Nina ugomvi.

Nagombana na huruma. Ndiyo, hiyo hiyo inayosifiwa kila Ijumaa na kila Jumapili. Huruma inamfanya bosi ateremshe kioo cha gari, ampe mlemavu sarafu bila hata kumtazama usoni. Kisha bosi huyo huyo anafika ofisini, anafungua faili la waombaji kazi, na jina la mlemavu analiweka pembeni. Eti, "Huyu atapata tabu, masikini." Mchana kutwa anajiona mtu mwema!

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1982 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili zilizofuatana: Na. 2 ilihusu ajira ya walemavu, na Na. 3 ilihusu matunzo yao. Ile ya ajira ilimtaka mwajiri mwenye watu 50 na zaidi awe na asilimia 2 ya walemavu, yaani mmoja katika kila 50. Hebu waulizeni wazee wa mtaani kwenu: huyo mmoja wa hamsini walimwona wapi? Tulichokumbuka ni matunzo, tena nusu nusu. Kazi ilibaki kwenye karatasi.

Ikaja Sheria Na. 9 ya 2010, mwaka mmoja tu baada ya nchi yetu kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Sheria hii imeshuka hadi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20, na kiwango kimepanda hadi asilimia 3. Hapo wajuzi wa hesabu wakapata la kusema. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. "Sasa mtu 0.6 tutampata wapi?" wanauliza, na kucheka.

Haya, tuhesabu pamoja. Sheria inataka isipungue asilimia 3. Ukiajiri sifuri umepungukiwa. Ukiajiri mmoja umetimiza na kuzidisha. Basi! Na wewe mwenye wafanyakazi 200, unayedaiwa 6 kamili bila desimali, kwako kimekwama nini?

Wanajibu: "Sheria inasema wenye sifa." Sawa, tuzungumze sifa. Tangazo la kazi linadai mwombaji "awe na siha njema". Mimi natembea kwa magongo tangu nikiwa mtoto, lakini homa sina, na cheti cha uhasibu ninacho. Kuna kampuni iliniita kwenye usaili ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nikapanda. Nilipofika juu, jasho linanitoka, swali la kwanza likawa, "Utaweza kweli kupanda hapa kila siku?" Kuhusu mizania hawakuniuliza hata neno moja. Jamani, daftari la hesabu huandikwa kwa miguu? Na ile ngazi haikuumbwa na Mungu. Ilijengwa na fundi, kwa ramani iliyopigwa muhuri na mtu aliyeajiriwa.

Wapo watakaoniambia nisiwe mkali, kwani tumefanyiwa mengi. Tuna karakana zetu za vikapu na sabuni. Tuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Siibezi. Anayetaka biashara na akope. Lakini kijana mwenzangu mwenye miguu miwili akimaliza chuo anaulizwa, "Umeomba kazi wapi?" Mimi naulizwa, "Umejiunga na kikundi gani?" Mbona kwangu mlango uwe mmoja tu, tena wa uani?

Tena karakana hizo hizo ndizo zinazowaumbua waajiri. Iringa, mradi wa Neema Crafts ulianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi. Baadaye ukafungua mkahawa ambako wahudumu viziwi wanapokea maagizo kwa ishara na kwa maandishi. Mteja anaandika anachotaka, anakunywa chai yake, anaondoka ameridhika. Ikiwa mnywaji chai ameweza, meneja wa benki na kalamu yake ya bei mbaya anashindwa nini?

Tatizo liko mbali na gharama. Mtu akimzoea mwenzake barabarani akiomba, inakuwa vigumu kumzoea mezani akisaini. Hata lugha yetu imetutangulia: imetutoa kwenye "kilema", ikatufanya "mlemavu", sasa sisi ni "watu wenye ulemavu". Tumepandishwa cheo mara mbili, mshahara haujaingia! Na msinitupie ile methali yenu, "Hujafa hujaumbika." Mnaitamka kama dua ya kujikinga nisiwaambukize. Mimi naisikia hivi: kesho ukiumia kwa ajali, utataka ukute kazi yako inakungoja, siyo kikapu cha kusuka.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kila mwajiri anayehusika abandike mlangoni idadi ya wafanyakazi wake, na kando yake idadi ya wenye ulemavu, tusome wote. "Siha njema" ifutwe kwenye matangazo, kiandikwe kile ambacho kazi inahitaji kweli. Na usaili ufanyike chini, ghorofa ya kwanza kabisa ambayo gongo na baiskeli ya magurudumu matatu vinaweza kufika.

Nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu mkiwa tayari mna kazi, kesho asubuhi tazameni kushoto na kulia mle ofisini. Hesabuni. Mkiona hatumo, muulizeni bosi, tena kwa sauti. Msituonee huruma. Tusogezeeni kiti.